Korongo wa Rujewa na Firigisi Iliyotiwa Chumvi

Niliondoka Mbeya kwa ajili ya maini ya ndege. Majirani zangu wa Uyole waliponiuliza naelekea wapi na kasha la barafu begani, niliwajibu hivyo hivyo, nao wakanitazama kama mtu anayeficha msiba. Sikuficha kitu. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kukata nyama za wanyama vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvipaka rangi na kuviangalia chini ya hadubini ili nijue seli zake zilipatwa na nini. Wenzangu huota nyumba na magari, mimi huota seli. Mume wangu amekwisha kuzoea.

Jumamosi iliyotangulia safari, bwana mifugo wa kata moja karibu na Rujewa alinipigia simu. Korongo taji saba walikuwa wamekufa kando ya majaruba ya mpunga ndani ya siku mbili. Kwa wasiomjua, korongo taji ni yule ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu kichwani, anayetembea shambani polepole kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni. Wamebaki wachache, na sisi tulio kwenye mradi wa kuwahesabu na kuwalinda tunawapenda kupita kiasi, nakiri. Saba kwa mpigo ni msiba kweli.

Lakini bwana mifugo hakupiga simu kwa ajili ya ndege peke yao. Kijijini walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji: Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Usangu kutoka Shinyanga zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ilisemekana alipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chambo ili aue fisi waliokula ndama wake, na ndege wakaila. Mkutano wa kijiji ulipangwa Ijumaa alasiri, na ajenda ilikuwa moja tu: ng'ombe wa Masanja watoke kwenye malisho ya kijiji. Ng'ombe wakitoka, na familia inatoka.

"Dada Tusa," bwana mifugo aliniambia, "ukiweza kutuambia kabla ya Ijumaa hawa ndege wameuawa na nini, utakuwa umemsaidia mtu."

Yeye mwenyewe alikuwa amempasua ndege wa mwisho, akatoa maini na firigisi. Kwa kuwa alikuwa anakwenda kwenye chanjo ya ng'ombe kata nyingine, aliviacha kwa wanawake wawili kwa pamoja: Mama Shija, mke wa Masanja, na Mama Zawadi, mke wa mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja amlinde mwenzake, asije mtu akasema sampuli imechezewa. Niliongea nao wote wawili, simu ikiwa kwenye spika. Niliwaambia jambo moja: hakikisheni haviozi mpaka nifike Jumatatu. Wakaitikia kwa pamoja. Nilikata simu nimeridhika, na hapo ndipo nilipokosea.

Jumatatu asubuhi Mbeya ilikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Nilipanda basi la saa moja nikiwa nimevaa sweta mbili. Kutoka Uyole barabara inashuka kidogo kidogo, na kila tulipofika kituo nilivua kitu. Igurusi nikavua sweta ya kwanza, Chimala nikavua ya pili, Igawa nikabaki najipepea na bahasha ya barua ya kibali. Mtu wa milimani akiteremka Usangu hujulikana mara moja, maana ndiye anayebeba nguo mkononi.

Saa sita nilishuka Rujewa. Mashine za kukoboa zilikuwa zinaunguruma kila upande na vilima vya pumba vimejaa nyuma yake, na harufu ya mpunga unaokobolewa ilinifanya nimkumbuke mama yangu, kwa kuwa nimezaliwa Kyela na mchele kwetu ni kama hewa. Kwa muuza soda nilinunua barafu, nikaijaza kwenye kasha. Barafu ilikuwepo tele. Sikulifikiria hilo wakati ule.

Pikipiki ilinipeleka kijijini kwa njia inayofuata mfereji mkuu. Ulikuwa msimu wa vitalu. Kila baada ya hatua kadhaa ungeona kitalu kidogo cha kijani kibichi kilichobanana, miche ya mpunga ikingoja kuhamishwa, na majaruba makubwa kando yake yakiwa bado makavu yakingoja maji. Watu walikuwa wameinama kila mahali, na waliponiona walinyooka, wakanisalimu, wakainama tena.

Nyumbani kwa mwenyekiti niliwakuta wenyeji wangu wawili wamekaa ukumbini, kila mmoja kwenye kigoda chake, katikati yao ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mama Zawadi ni Msangu mnene mwenye sauti ya kuamuru. Mama Shija ni mwembamba, mrefu, mpole, na Kiswahili chake kina mwendo wa Kisukuma unaopendeza kusikiliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba hawa wawili walikuwa hawasalimiani tangu ndege wa kwanza alipookotwa. Siku mbili walikaa na ile ndoo bila kuongea zaidi ya lile la lazima.

"Karibu, daktari," alisema Mama Zawadi.

"Mimi si daktari, mama. Ni mtu wa maabara tu."

"Ni yule yule. Vitu vyako viko salama. Hata nzi hajatua."

Mama Shija akafunua ndoo kwa mikono miwili, kama anavyotenga mtu chakula cha mkwe. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na maini yamekatwa vipande virefu, yametiwa chumvi ya kutosha mboga ya harusi, yamekaushwa juani hadi yakawa meusi na magumu kama kamba ya kiatu. Pembeni yake firigisi nzima, nayo imefunikwa chumvi.

Msomaji uliyewahi kutia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari unajua vinavyotoa maji. Seli nazo hufanya vivyo hivyo: chumvi huzinyonya maji yote, zikasinyaa, zikavunjika, na habari zote zilizokuwa ndani yake zikapotea. Nilikuwa nimesafiri kuja kusoma kitabu, nami nikakuta kimechemshwa.

"Tuliongea wote wawili," Mama Shija akasema taratibu. "Nikasema, kwetu nyama ya safari tunakausha. Mama Zawadi akasema, na kwetu pia, lakini chumvi iwe nyingi. Tukakubaliana."

"Hilo ndilo tulilokubaliana," Mama Zawadi akaongeza, bila kumtazama mwenzake.

"Na firigisi?" nikauliza. "Mbona hamkuikata?"

Wakanitazama wote kwa mshangao. "Firigisi inakatwa na mwenyewe," alisema Mama Zawadi. "Ni ya mgeni wa heshima. Tungeipasua sisi?"

Mama Shija aliusoma uso wangu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama wameharibu. Hapo ndipo nilipoona aibu, kwa kuwa aliyeharibu nilikuwa mimi. Mimi niliyesema visioze nikadhani nimesema barafu. Wao walifanya kazi waliyoambiwa, tena kwa umahiri; nyama ile ingefika Mwanza bila kuoza. Niliwaambia hivyo, na sikuwa na namna ila kucheka. Mama Zawadi naye akacheka, na Mama Shija akacheka kwa sababu Mama Zawadi amecheka.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Mzee Masanja. Ni mtu mrefu, asiye na maneno, mwenye mikono mikubwa anayoiweka magotini anapoongea. Nilimwambia ukweli, kwamba maini huenda yasiseme kitu, lakini ninaye rafiki Iringa, mkemia, ambaye anaweza kutafuta sumu yenyewe. Ili ailinganishe, nilihitaji dawa yake ya ng'ombe.

Aliinuka, akaleta kopo. "Chukua. Sikuweka chambo cha fisi. Lakini kama dawa hii imefika kwa ndege kwa njia ambayo mimi sijui, niambie mimi kwanza, nisisikie mkutanoni." Akakaa, mikono magotini. "Nilikuja hapa na watoto wawili. Sasa nina wajukuu. Ng'ombe wakiondolewa, dada, naenda wapi?"

Wakati namimina dawa kwenye chupa yangu ndogo, Mama Shija alitoka ndani na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na unga wa rangi ya waridi. "Chukua na hii. Ni dawa ya mbegu, tunapimiwa kwa kijiko mnadani. Kwetu dawa ni hizi mbili tu, basi usije ukasema tumeficha." Niliipokea kwa sababu mimi hupokea kila kitu. Niliandika jina juu yake na kuitia mfukoni.

Kabla jua halijazama alinipeleka kwenye tuta lililo mwisho wa shamba lao. Korongo wawili walikuwa bado wapo, upande wa pili wa jaruba, wakiokota panzi nyuma ya ng'ombe. Mama Shija aliwasalimia kwa Kisukuma kama anavyosalimia watu. Aliniambia huwasalimia kila siku, maana walikuwepo walipofika yeye na mumewe, wakati hakuna jirani hata mmoja aliyewaitikia. "Hawa ndio walikuwa wa kwanza kutuzoea," alisema. Nilimpenda mwanamke yule tangu pale, na nasema hivyo ili mjue nilivyokuwa moyoni siku zilizofuata.

Jumanne alfajiri, baada ya kikombe cha maziwa ya mgando kilichonijaza hadi Mafinga, nilikamata basi la Iringa. Makambako upepo ulinirudisha ndani ya sweta zote mbili. Kuanzia hapo ni misonobari na malori ya mbao, na mvua nyepesi iliyotusindikiza mpaka tulipoteremka Ipogolo na kuanza kuupanda mlima wa mjini. Kasha la barafu nililipakata njia nzima. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nimebeba chanjo. Nikamwambia ni firigisi, naye hakuniuliza tena.

Saa tisa alasiri nilibisha hodi Kihesa, kwa Twilumba. Tulisoma chuo pamoja. Mimi nikafuata seli, yeye akafuata kemia, na kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukibishana ni nani kati yetu anayeujua uhai zaidi. Ukumbini kwake palikuwa na tenga zima la nyanya alilotumiwa na kaka yake kutoka Ilula, basi salamu za Kihehe zilikwenda pamoja na nyanya.

"Kamwene, Tusa. Umekonda."

"Ni joto la Usangu."

Alifunua kasha, akatazama, akanusa, akafunika tena. "Rafiki yangu, hii si sampuli. Hii ni kitoweo."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanyamaza aliposikia habari ya Ijumaa. "Una siku mbili," alisema. "Kula kwanza."

Jumatano asubuhi tuliingia maabara. Kwa heshima ya kazi yangu nilianza na maini. Niliyaloweka, nikayakata, nikayapaka rangi, nikayaweka chini ya hadubini. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Kuta zimekunjamana, viini vimepotea, kila kitu rangi moja. Twilumba alichungulia pale pale begani pangu na kwa mara ya kwanza katika urafiki wetu hakunitania.

Kisha tukaipasua firigisi. Chumvi haikuwa imepenya ile nyama nene, na ndani kila kitu kilikuwa kama ndege alivyokiacha: kokoto, miguu ya panzi, na mpunga. Mwingi ulikuwa umesagika, lakini punje chache zilikuwa nzima. Niliinua mojawapo kwa kibanio nikaisogeza dirishani. Kwenye ncha yake palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama uzi.

"Nini hicho?" Twilumba aliuliza. Yeye ni mtoto wa nyanya, mpunga anaujua ukiwa sahanini.

"Mzizi."

Niliukata, nikauweka chini ya hadubini. Seli za mmea zina kuta ngumu, haziharibiki upesi kama za maini. Zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, changa, za mzizi ulioanza kutoka siku moja au mbili tu kabla ya kuliwa. Mtu wa Kyela hahitaji zaidi ya hapo. Mpunga uliodondoka shambani kiangazi hauna mzizi. Mpunga wenye mzizi ni mbegu iliyolowekwa kwenye maji, ikafungiwa kwenye gunia ichipue, tayari kumwagwa kitaluni. Korongo hawa hawakula chambo cha fisi. Walikula mbegu za mtu.

Alhamisi ilikuwa siku ya Twilumba. Alisaga punje, akaziloweka kwenye kimiminika kinachovuta sumu, akachukua kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe kama chaki. Chini ya kibao aliweka matone matatu madogo: la firigisi, la dawa ya ng'ombe na la ule unga wa waridi. Akakisimamisha ndani ya chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika hupanda kibaoni polepole, kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha, na hubeba dawa pamoja nacho, lakini kila dawa ina kimo chake cha kuchoka. Zinazosimama pamoja huenda ni kitu kimoja. Dawa ya ng'ombe ilisimama chini kabisa. Tone la firigisi na tone la unga wa waridi yalipanda bega kwa bega, yakasimama mstari mmoja.

Alirudia na kimiminika kingine, halafu cha tatu. Jibu halikubadilika.

"Mfugaji wako amepona," alisema Twilumba. "Hii si dawa ya ng'ombe." Kisha akaiona sura yangu. "Huu unga ulipewa na nani?"

"Na mke wake."

Alivua glovu zake taratibu. Nilimweleza juu ya tuta, juu ya mwanamke anayesalimia ndege, na juu ya karatasi ile aliyonikabidhi ili nisiseme wameficha. Nikamwambia ninaogopa. Kama nikisimama kijijini na kusema sumu imetoka kwenye mbegu, mtu wa kwanza atakayeulizwa ni yule yule wanayetaka kumfukuza.

"Tusa, kioo hakijui jina la mtu," alisema. "Kinasema ni dawa ya mbegu inayouzwa kwa kijiko. Kijiji kizima kinanunua mnada huo huo. Nitaandika kilichoonekana kiooni, basi."

"Na mimi nimwambie nini yeye?"

"Mwambie yeye kabla ya wengine. Mumewe alikuomba asiyasikie mkutanoni, na mke vivyo hivyo."

Alinifungia ripoti kwenye bahasha na nyanya kwenye mfuko. Nyanya zilikuwa nzito kuliko ripoti, lakini sikuzihisi.

Ijumaa niliondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, na saa saba mchana nilikuwa uani kwa Mama Shija. Alikuwa anapepeta mchele. Nilikaa chini mkekani na kumweleza kama ninavyowaeleza ninyi, mzizi, kioo, matone mawili bega kwa bega. Aliacha kupepeta katikati ya maelezo yangu. Alijua kabla sijamaliza.

"Ile iliyobaki," alisema. "Mbegu ikishachipua, dada, huwezi kula, huwezi kurudisha stoo. Na ina dawa. Nikasema kuku wakila watakufa, na watoto wanachezea. Nikaibeba nikaimwaga mbali." Akanyoosha mkono kuelekea tuta. "Kule."

Hakulia. Aliweka ungo chini, akafunika uso kwa kiganja kimoja, akakaa hivyo. Mwanamke yule alifikiria kila kiumbe cha nyumbani kwake, na kwa uangalifu ule ule akawapelekea sumu viumbe aliowapenda. Nilimwambia ripoti haina jina. Nilimwambia mumewe amekwisha kuokoka, kwamba akinyamaza hakuna kioo chochote duniani kitakachomtaja. Nilisema hayo kwa moyo wangu wote, na nilitaka anyamaze.

"Nikinyamaza, na mwakani?" aliuliza. "Wale wawili waliobaki watakula?"

"Kama mbegu zitaendelea kumwagwa pale, watakula."

Akainuka, akaingia ndani alikokuwa mumewe. Nilisikia sauti yake kwa muda mrefu na ya mzee kwa neno moja tu. Walipotoka alikuwa amejifunga kitenge kipya.

Saa tisa mkutano ulianza kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alinipa nafasi, nikasoma ripoti na kueleza kwamba haikuwa dawa ya ng'ombe. Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akauliza kwa nguvu, basi mbegu zilikuwa za nani? Nilikuwa bado natafuta jibu lisilo na mtu ndani yake, Mama Shija akasimama.

"Mimi nilimwaga," alisema. "Mbegu iliyobaki kitaluni, nikamwaga kwenye tuta, niliogopa kuku wangu. Mzee wangu alikuwa hajui. Kama ni kutoka, mnijadili mimi, ng'ombe hawajakosa."

Mzee Masanja alikuwa ameinama, mikono magotini. Nilihesabu vifundo vya vidole vyangu na kusema moyoni, Tusajigwe, umeleta hukumu ndani ya mfuko wa nyanya.

Ndipo Mama Zawadi akainuka. Aliinuka kwa shida, akishika bega la jirani.

"Mimi nilimwaga sado nzima ya mbegu," alisema. Sauti yake ya kuamuru haikuwepo. "Tuta lile lile, upande wetu. Na mimi niliogopa kuku. Halafu nikakaa hapa na kusema hawa watolewe."

Mwenyekiti aligeuka kumtazama mkewe. Nyuma kabisa mwanamke mwingine akasema na yeye. Kisha mwingine, kisha mwanamume mmoja aliyesema mkewe yuko kliniki lakini walimwaga pamoja. Mwenyekiti aliomba walioimwaga mbegu iliyobaki mbali na kuku msimu huu wanyooshe mikono. Mikono ilikuwa mingi, na baada ya kusitasita kidogo aliunyoosha na wa kwake. Ajenda ya ng'ombe haikutajwa tena siku ile.

Nimefanya kazi ya sayansi miaka mingi nikiamini kwamba ukweli unatoka maabara kwenda kwa watu. Safari hii nimejifunza kuwa sisi tulipata nusu yake. Kioo kilitupa jina la sumu na mzizi ukatupa njia yake, lakini jibu lenyewe lilikuwa vinywani mwa wanawake waliokuwa wameiogopa sumu ile kuliko mimi, wakaitupa kwa hekima yao yote mahali pasipofaa. Nimejifunza pia kusema barafu ninapotaka barafu.

Walikubaliana mbegu iliyobaki ifukiwe. Nilishauri iwe sehemu ya juu, mbali na mfereji. Jumamosi asubuhi, kabla sijapanda pikipiki kurudi Mbeya, niliwakuta Mama Shija na Mama Zawadi wamesimama mpakani mwa mashamba yao wakibishana kwa sauti ni wapi shimo la kwanza liwe, na nilisimama kidogo kuwasikiliza tu, maana walikuwa wanaongea. Mzee Masanja alikuwa ameshika jembe akiwangoja wamalize. Aliniuliza shimo liwe na kina gani. Nikamwambia likifika magotini linatosha.

Alichimba mpaka kiunoni.